Ushahidi wa Mtaalamu wa Bidhaa: Je, Kijana Amsitiri Ami Yake?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Kijana wangu amesoma uhandisi wa umeme, na huu ni mwaka wake wa pili anafanya kazi maabara. Wanapima bidhaa za umeme kabla hazijaingia madukani. Mara nyengine mzozo ukifika mahakamani huitwa kutoa maelezo ya kitaalamu, na hulipwa. Baadhi ya jamaa wanasema kazi hii haina baraka, kwa sababu anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na kwamba anawafungia Waislamu wenziwe riziki. Sasa limetokea kubwa zaidi. Mdogo wangu, yaani ami yake, ameleta kontena la waya za umeme, na sampuli zimefika katika maabara ile ile. Kijana ana shaka kuwa waya hazifai. Ami yake ameniomba nimwambie mtoto amsitiri, na amenikumbusha kuwa yeye ndiye aliyemlipia ada ya chuo. Nifanye nini? Baba, Pemba.

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu akujaze kheri kwa kuuliza kabla ya kutenda. Swali lako lina maswali manne ndani yake: hukumu ya kazi yenyewe, hukumu ya kushuhudia kwa ujuzi bila ya kuona, hukumu ya ujira, na haki ya ami. Tutayajibu moja moja, inshaAllah.

Kazi hii ni kazi gani?

Wanachuoni wamesema kulihukumia jambo ni tawi la kulifahamu. Tuifahamu kwanza kazi ya kijana wako.

Tuchukue hizo hizo waya. Waya wa ndani ya nyumba unaouzwa kwa jina la shaba unatakiwa uwe shaba. Wako watengenezaji wanaochukua alumini, wakaipaka shaba juu, wakaiuza kuwa ni shaba. Mnunuzi akiutazama dukani hawezi kuujua, maana rangi ni ile ile. Lakini alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya vile inavyopitisha shaba ya unene ule ule. Waya huo ukibebeshwa friji, pasi na kettle kwa pamoja, hupata moto kuliko ilivyokusudiwa, na pale ulipounganishwa na soketi hulegea kwa muda na moto ukazidi. Hapo mwenye nyumba haoni kitu, mpaka siku ile. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina boriti juu, na za shamba nyingi zina makuti. Sote tunajua moto ukianza humo unakwenda vipi.

Maabara hukata kipande, hukipima urefu na uzito, kisha hupima ukinzani wake wa umeme. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule unaotumika sana kwa soketi, kiwango cha kimataifa kinasema ukinzani wake usizidi omu 7.41 kwa kilomita moja katika joto la sentigredi 20. Ukizidi, waya umeshindwa. Namba hiyo haimjui baba wala ami.

Vivyo hivyo hupimwa vyakula, dawa, vipodozi, mitungi ya gesi, midoli ya watoto na maboya ya kuvaa baharini. Hapa kwetu kazi hizi zimegawiwa kwa taasisi mbali mbali: iko Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, uko Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), na iko Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wako pia wataalamu wanaoajiriwa na viwanda, na wanaofanya kazi kwa mikataba yao wenyewe.

Sehemu ya pili ya kazi ni mahakamani. Shahidi wa kawaida husema alichokiona au alichokisikia, na harusiwi kutoa rai yake. Mtaalamu ameruhusiwa kutoa rai katika fani yake, kwa sababu hakimu hakusoma kila fani. Ruhusa hiyo ilikuwamo katika kifungu cha 45 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo sheria nyingi za nchi zetu za Afrika Mashariki zilichukua kutoka kwake. Kwa Tanzania Bara imo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967.

Asili yake katika dini yetu

Asidhani mtu kuwa hili ni jambo lililoletwa na wakoloni. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta maji maji. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Akajibu kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tuizingatie Hadithi hii kwa utaratibu. Kwanza, hakutosheka na sura ya juu, bali alitia mkono ndani. Pili, alimuuliza mwenye mali kabla ya kumhukumu. Tatu, hakusema chakula kile kiteketezwe, wala hakumfukuza sokoni. Alitaka kasoro idhihirishwe ili mnunuzi ajue anachonunua. Kupima, kuuliza, kudhihirisha: hayo ndiyo anayoyafanya kijana wako kila siku.

Na kutia mkono ndani si jambo dogo. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini haienei sawa katika gunia la mahindi au la njugu. Inaweza kujaa katika kona moja na pengine pasiwe na kitu. Mpimaji akichota kiganja kimoja cha juu anaweza kuipitisha sumu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika wilaya za mashariki ya Kenya kwa mahindi ya aina hiyo, na 125 wakafa. Ndiyo maana mpimaji anatakiwa achukue kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, achanganye, ndipo apime. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi wa kukitambua.

Kazi ya kusimamia masoko ilijulikana kwa jina la hisba, na msimamizi wake ni muhtasib. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya kumi na mbili Miladia, ameandika kitabu kizima kumfunza muhtasib namna ya kuwakagua waokaji, wauza dawa, wauza maziwa na wengineo, ufundi mmoja baada ya mwengine. Wanachuoni wameihesabu hisba kuwa ni fardhi kifaya: wakiifanya baadhi yetu dhamana inawaondokea waliobaki, na tukiiacha sote tunapata dhambi sote. Kwa hiyo jamaa wanaosema kazi hii haina baraka wamekosea. Anayezuia dawa mbovu isimfikie mgonjwa hamfungii mtu riziki, kwani riziki ya Muislamu haitoki katika madhara ya Muislamu mwenziwe. Msingi wa Mtume (S.A.W.) unajulikana: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Anashuhudia vipi ambacho hakukiona?

Hili ndilo lililowatatiza jamaa. Ni kweli kuwa asili ya ushahidi ni kuona au kusikia. Lakini Qur-ani imetutajia shahidi ambaye hakuona. Katika Sura Yusuf, aya ya 26 hadi 28, Nabii Yusuf (A.S.) alipotuhumiwa na mke wa mheshimiwa, hapakuwa na mtu mwengine ndani ya chumba. Akashuhudia mtu katika jamaa za yule mwanamke: waitazame kanzu. Ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli, na ikiwa imechanwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa nyuma.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amelitumia neno lile lile la kushuhudia, na mtu huyo hakuona tukio. Alijua tu kanzu inavyochanika. Na tazameni adabu yake. Aliweka kipimo kabla ya kuitazama kanzu, hakusubiri matokeo ndipo atunge maelezo. Alitaja uwezekano wa pande zote mbili, akaanza na ule wenye kumnufaisha ndugu yake. Kisha akaacha kanzu iseme. Wafasiri wamekhitalifiana ni nani, mtoto mchanga au mtu mwenye hekima, lakini kwamba alikuwa jamaa wa mwanamke ni nassi ya Qur-ani. Tutarudi kwenye nukta hii tutakapofika kwa ami.

Huenda mtu akasema hiyo ni sheria ya waliotutangulia, na wanachuoni wetu wa Kishafii wana maneno katika mlango huo. Tunamjibu kwa Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Watu walikuwa wakiisema nasaba ya Usama kwa sababu yeye alikuwa mweusi na baba yake, Zayd, mweupe. Akapita Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kusoma maumbile, akawakuta wawili hao wamelala, wamejifunika vichwa, miguu iko nje. Akasema kuwa miguu hii inatokana yenyewe kwa yenyewe. Mtume (S.A.W.) akaingia kwa Bibi Aisha uso unang'ara kwa furaha. Kutokana na Hadithi hii Imamu Shafii ameikubali kauli ya mjuzi huyo katika kuthibitisha nasaba. Na huyu aliona miguu tu, hakuona sura za wenyewe. Maabara za leo hufuata jambo linalofanana na hilo: sampuli hupewa namba, na mpimaji hatakiwi ajue ni ya duka gani.

Katika milango ya biashara pia, mafakihi wetu wamesema kuwa muuzaji na mnunuzi wakigombana kama jambo fulani ni aibu ya bidhaa au si aibu, hurejewa wajuzi wa bidhaa hiyo. Wamekhitalifiana tu kama anatosha mjuzi mmoja au lazima wawili. Basi ushahidi wa mjuzi ni ushahidi, bila ya shaka.

Mipaka ya ulimi wake

Lakini ruhusa hii ina masharti, na hapa ndipo penye khatari.

Sharti la kwanza, asivuke ujuzi wake. Katika Sura al-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilolijua. Na Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi atabeba dhamana ya alichokiharibu. Mhandisi wa umeme aseme ya umeme. Akiulizwa na wakili kama marehemu alikufa kwa moshi au kwa moto, ajibu kuwa hilo ni la daktari.

Sharti la pili, atenganishe alichokipima na anachokidhani. Mafakihi wametenganisha yakini, dhana yenye nguvu, na shaka. Mtaalamu naye aseme kwa uwazi: waya huu nimeupima, umeshindwa, hiyo ni yakini. Waya wa aina hii unaweza kuwasha moto, hiyo ni elimu inayojulikana. Ama kuwa moto wa nyumba hii ulianza kwa waya huu, hilo linahitaji dalili nyengine: mahali moto ulipoanzia, alama zilizobaki kwenye waya, na kuondosha sababu nyengine kama jiko au mshumaa. Akikosa dalili, aseme sijui. Maalik bin Anas, Imamu wa Madina, aliulizwa masuala mengi akasema katika mengi yao kuwa hajui, na heshima yake haikupungua.

Sharti la tatu, aseme na yale yanayompinga. Mwaka 1993 jaji mmoja wa Uingereza, Cresswell, katika kesi ya meli iliyoungua iitwayo Ikarian Reefer, aliorodhesha wajibu wa shahidi mtaalamu: rai yake iwe yake mwenyewe, asiwe mtetezi wa upande, asifiche jambo linalopunguza nguvu ya rai yake, na akibadilisha mawazo atangaze. Kanuni za madai za Uingereza zikaja baadaye kusema wazi kuwa wajibu wake kwa mahakama uko juu ya wajibu wake kwa anayemlipa. Sisi tulikuwa nayo hii kabla yao. Sura al-Maida, aya ya 8, inatuamrisha chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu, na Sura an-Nisaa, aya ya 135, inakataza mapenzi yasitupeleke huko huko.

Sharti la nne, ailinde sampuli kama amana. Imechukuliwa wapi, na nani, lini, imewekwa wapi, nani kaifungua. Pakikosekana kiungo kimoja, hakimu ana haki ya kuikataa, kwani huenda kilichopimwa si kile kilichochukuliwa.

Ripoti za uongo zilivyoua

Ili tuone uzito wa jambo hili, tutazame yaliyotokea kwa kampuni ya Takata ya Japani. Ilikuwa ikitengeneza mifuko ya hewa inayofumka ndani ya gari wakati wa ajali ili kumkinga dereva. Ndani ya chombo cha kuufumua mfuko walitumia kemikali iitwayo nitrati ya amonia bila ya kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikipita, joto na unyevu huiharibu kemikali hiyo, ikawaka kwa kasi kuliko inavyotakiwa, na chombo cha chuma kikapasuka na kumrushia dereva vipande. Kitu kilichowekwa kuokoa roho kikawa ndicho kinachoua. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa na mamia wamejeruhiwa, na vyombo kiasi cha milioni 67 vikaamriwa kubadilishwa.

Mwezi wa Januari 2017 kampuni hiyo ilikubali kosa mbele ya sheria ya Marekani na kutozwa dola bilioni moja. Kosa lililokubaliwa ni udanganyifu: kwa miaka mingi walikuwa wakiwapelekea watengenezaji wa magari taarifa za vipimo zilizobadilishwa. Mwezi wa Juni mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Maana yake, ndani ya maabara walikuwapo watu walioziona namba za kweli, zikaandikwa nyengine. Penseli tu imepita kwenye karatasi, na mama wa watu akafa barabarani miaka kadhaa baadaye, hajui jina la aliyeandika.

Na tusione kuwa ni ya mbali. Magari mengi tunayoendesha Unguja na Pemba yametumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na kampuni kadhaa kubwa za huko ziliweka vyombo vya Takata. Kilichoviharibu ni joto na unyevu, na hali ya hewa ya visiwa vyetu mnaijua wenyewe. Mwenye gari la zamani achukue namba ya chesisi, aitazame katika tovuti ya mtengenezaji au amuulize fundi anayeaminika, ajue kama gari lake limo katika yaliyoitwa kurekebishwa. Huku ni kuchukua sababu, na kutawakali hakupingani nako.

Mtume (S.A.W.) alipohesabu madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa, akawa analikariri mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Ripoti ya maabara iliyobadilishwa ni ushahidi wa uongo, hata kama haikusomwa mahakamani.

Ujira wake

Mafakihi wetu hawakumruhusu shahidi kulipwa kwa sababu ya kusema kweli iliyomlazimu kuisema, lakini wamemruhusu shahidi anayeitwa kutoka mbali kuchukua gharama za safari. Ama mtaalamu, anachouza ni kazi: siku alizopima, vifaa alivyotumia, ripoti aliyoandika, na muda wa kusimama mahakamani kuieleza. Hiyo ni ijara kama ya mpimaji wa viwanja au mthamini wa nyumba, na ni halali.

Haramu inaingia pale malipo yanapofungwa na matokeo, akaambiwa tukishinda utapata zaidi, au mzigo ukipita utaona bahasha. Hapo hakulipwa kwa kupima, amelipwa kwa kusema. Abdullah bin Rawaha (R.A.) alipelekwa Khaybar kukadiria tende za mitende, kazi ya utaalamu. Wenyeji wakamkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie makadirio. Akawaambia kuwa hiyo ni haramu tupu na hawaili, na kuwa kuwachukia kwake hakutamfanya awadhulumu. Wakakiri wenyewe kuwa kwa uadilifu kama huo ndio mbingu na ardhi zimesimama. Tazameni: hakuchukua rushwa, na pia hakuwaongezea mzigo kwa chuki. Mtaalamu mwenye kumcha Mungu ana milango miwili ya kufunga, si mmoja.

Je, mahakama isiyo ya Kadhi?

Mahakama zetu za Kadhi zinashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wake. Kesi za bidhaa huenda mahakama nyengine. Kushuhudia huko ili haki irudi kwa mwenyewe inafaa. Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano yaliyofanyika Makka baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kunyimwa thamani ya mali yake, na baadaye akasema kuwa lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeliitikia. Na kutokana na Hadithi ya Ummu Salama (R.A.) tunajua kuwa hakimu huhukumu kwa anachokisikia. Hata yeye Mtume (S.A.W.) alionya kuwa mwenye kuhukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi amekatiwa kipande cha moto. Basi anayempa hakimu maelezo ameshika upande wa mizani.

Haki ya ami

Sasa tufike kwenye jiwe lililokukaa moyoni, ndugu yetu.

Ami ana haki. Yeye ni mahali pa baba, na aliyemsomesha mtoto ametenda wema mkubwa ambao haufai kusahauliwa. Tena yawezekana kabisa kuwa yeye mwenyewe amedanganywa huko alikonunua. Tusimdhanie ubaya kabla ya kipimo, kwa sababu mwanao naye mpaka sasa ana shaka tu, na shaka si hukumu.

Lakini sitara anayoitaka siyo sitara iliyosifiwa na Mtume (S.A.W.). Sitara ni kwa mtu aliyeteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake. Madhara yanayoelekea kwa watu hayasitiriwi. Imamu Nawawi ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, na katika hayo ni kuwatahadharisha Waislamu na kuwapa nasaha. Ikiwa kumtaja mtu kunaruhusiwa kwa maslaha hayo, vipi kuitaja kasoro ya waya? Na aya ile ya Sura an-Nisaa imewataja wazazi na jamaa kwa jina: tusimame na uadilifu hata ukiwa dhidi yao. Shahidi wa kanzu ya Yusuf (A.S.) alikuwa jamaa, na ujamaa haukumfunga mdomo.

Kwa hiyo tunakunasihi haya:

Kwanza, kijana amwambie mkuu wake leo, kwa maandishi, kuwa mwenye mzigo huu ni ami yake, na aombe apimiwe na mwengine. Madhehebu yetu yanakataa ushahidi wa mtu kumnufaisha mzazi wake au mtoto wake kwa sababu ya tuhuma. Ami hakuingia humo, lakini kuepuka tuhuma ni katika dini, na kutamlinda mwanao na maneno ya watu vyovyote yatakavyotoka matokeo.

Pili, asimvujishie ami habari za maabara, wala asizitoe baraza za kahawa.

Tatu, ikitokea hapana mwengine ila yeye, apime kama anavyopima mzigo wa mtu asiyemjua. Asilegeze kwa ajili ya ada ya chuo, na asikaze ili watu waseme ni mkweli. Dhulma ni dhulma hata ukimdhulumu ami kwa kujionyesha uadilifu.

Nne, wewe baba ndiye mwenye kazi kubwa. Nenda kwa mdogo wako, usimtume mtoto. Mwambie kuwa wema aliomfanyia kijana ni sadaka iliyokwishaandikwa, asiuze thawabu zake kwa kontena moja. Mwambie kuwa bidhaa ikithibiti ina kasoro ya asili, sharia inampa khiari ya kuirudisha na kudai fedha zake kwa aliyemuuzia, na ripoti hiyo hiyo anayoiogopa ndiyo hoja yake. Bila ya ripoti hana la kumwambia muuzaji.

Tano, asiachwe peke yake na hasara. Jamaa mshikamane naye. Na akielemewa na deni alilolikopa kwa halali na akashindwa kulilipa, wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka katika Sura at-Tawba, aya ya 60. Tukimtaka mtu aache haramu, tumsaidie njia ya kutoka.

Na ukimwona amekasirika, mwulize swali moja kwa upole: waya hizi, je, ungezitia katika chumba wanacholala wanao?

Neno kwa wazazi na vijana

Wazazi wengi wakisikia sayansi hufikiria udaktari peke yake. Visiwa vyetu huagiza vitu vingi kutoka nje, na kila kitu kinahitaji jicho la mjuzi muaminifu. Kijana mwenye kupenda kemia, fizikia, hesabati au uhandisi ana mlango hapa. Asome kwa bidii tangu skuli, aingie chuo, kisha ajifunze utaratibu wa maabara kama ulivyo katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, kinachohusu uwezo wa maabara za upimaji. Ajifunze kuandika kwa ufasaha, kwa sababu ripoti isiyofahamika haimsaidii hakimu. Ushahidi wa mahakamani huja baada ya miaka ya kazi, haukimbiliwi.

Na kile alichokisoma chuoni kwa mwalimu wake wa Qur-ani asikiache mlangoni. Sura al-Mutaffifin inaanza kwa maangamizo ya wanaopunja vipimo, na watoto wetu wanaihifadhi wakiwa wadogo. Mwenye kuihifadhi kisha akapewa mizani ya kweli mkononi, huyo ameitwa kuifanyia kazi.

Muhtasari wa jibu: kazi ya kijana wako ni halali na ni fardhi kifaya, ushahidi wake kwa ujuzi unakubalika kwa masharti tuliyoyataja, ujira wake ni halali maadamu haukufungwa na matokeo, na haijuzu kwake kumsitiri ami yake katika bidhaa yenye madhara, wala kwako kumwamrisha hilo, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amthibitishe kijana juu ya haki, amfungulie ami mlango wa halali ulio mpana zaidi kuliko uliofungwa, na aziunge nyoyo za ndugu wawili.

Wabillahi tawfiq. Wa Allaahu a'lam.